Mwalimu na mtandao shirikishi: Wiki na blogu zinavyofanya kazi darasani

MWALIMU anayeanza kujifunza matumizi ya mitandao ya kijamii katika ufundishaji hukutana na majina mengi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, zana hizo zinatofautiana na tovuti za zamani kwa jambo moja kubwa: msomaji naye anaweza kuandika.

Jina la Wavuti 2.0, ambalo zana hizo zilibandikwa, lilivuma baada ya mkutano ulioitishwa San Francisco, Marekani, Oktoba 2004. Wiki ilikuwapo kabla ya hapo. Mtaalamu wa kompyuta Ward Cunningham aliizindua ya kwanza mwaka 1995, akaipa jina la mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, Hawaii, ambako neno 'wiki' maana yake ni haraka.

Katika wiki, ukurasa mmoja huhaririwa na watu wengi na kila badiliko huwekewa kumbukumbu. Iwapo kila mwanafunzi ana jina lake la kuingilia, mwalimu huona nani aliandika nini na saa ngapi, na nani hakuandika neno. Wale waliozoea kuvuna alama kwa jasho la mwenzao mmoja katika kazi za vikundi hukosa pa kujificha. Aidha, maandishi yaliyofutwa kwa bahati mbaya au kwa utundu hurejeshwa.

Blogu ni rahisi zaidi. Ni shajara ambayo andiko jipya hukaa juu, na mwalimu anaweza kuyapitia maoni kabla hayajaonekana.

Mfano uliojulikana sana ni mradi wa Flat Classroom wa mwaka 2006, ulioanzishwa na walimu Vicki Davis, aliyekuwa akifundisha Georgia, Marekani, na Julie Lindsay, aliyekuwa Dhaka, Bangladesh. Wanafunzi wa pande hizo mbili waliandika pamoja kurasa za wiki kuhusu teknolojia na utandawazi. Saa za Dhaka zilikuwa mbele kwa zaidi ya 10, hivyo upande mmoja ulipolala mwingine uliendeleza kazi.

Lakini zana za bure zina mwenyewe. Wikispaces, huduma iliyotumiwa na walimu wengi tangu mwaka 2005, ilifunga kurasa za madarasa Julai 2018, na walimu walitakiwa kuzihamisha mapema. Mwalimu makini huweka nakala ya kazi za wanafunzi kwenye kompyuta yake tangu siku ya kwanza.

Mtanzania Ndesanjo Macha alianza kuandika blogu ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004, wakati ambapo kuandika hakukuhitaji zaidi ya muda na ada ya kompyuta. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni, kwa ada zilizofikia Sh2.1 milioni, kiasi ambacho mshahara wa mwalimu wa kawaida haukimudu. Kanuni nyingine zilitolewa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Anayetaka kufungua blogu ya wazi hana budi kusoma zile zinazotumika. Ukurasa unaofunguliwa kwa nywila ya darasa ni njia ya tahadhari zaidi.

Nywila hiyo huwalinda pia watoto. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2022. Picha ya mwanafunzi, jina lake kamili na la shule havipaswi kuwekwa hadharani bila idhini ya mzazi.

Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, programu ya MediaWiki, ileile inayoendesha Wikipedia, hupatikana bure na huweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya shule. Kompyuta nyingine zikiunganishwa nayo kwa nyaya, wanafunzi husoma na kuhariri bila kununua kifurushi.