Lubumbashi 1941: nyumba, posho na mkubwa asiyesikia

Jamaa mlio katika kambi za waliohama vita, malalamiko ya kazi ya siku mnayajua. Mshahara ni mdogo, ndiyo, lakini mara nyingi kinachouma zaidi ni kapita: anavyoita watu, anavyogawa kazi, anavyonyamaza ukimuuliza. Jambo hili si la jana.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ile ya mwanzo watu waliopelekwa kuchimba shaba walikufa wengi kwa magonjwa, na wengine walitoroka. Kutoka mwaka 1928 wakubwa wakabadilisha mpango: mkataba wa miaka 3, ruhusa ya kuja na mke, nyumba, hospitali, shule, na posho ya chakula. Vifo vikapungua, watu wakakaa.

Ila kila kambi ilikuwa na mkuu wake, Mzungu, ambaye wafanyakazi walimpa jina la changa-changa, kwa maana alichanganya watu wa makabila mengi mahali pamoja. Mamlaka yake hayakuishia kazini. Mtoto asipokwenda shule, posho ya baba iliweza kukatwa. Mume na mke wakigombana, ni yeye mwamuzi. Mtu mzima, baba wa watoto, anasimamishwa mbele ya familia yake kama mwanafunzi! Kwangu mimi, hapo ndipo nyumba nzuri ilipopoteza ladha.

Kapita Mwafrika naye alibanwa katikati. Akiwasikiliza wenzake, Mzungu anamwona mlegevu. Akiwakaripia, wenzake wanamwona msaliti. Watu hawamsemi sana huyo, lakini mzigo wake haukuwa mwepesi.

Kisha vita ya pili ya dunia ikaja. Shaba ilitakiwa kwa wingi, kazi ikaongezwa, bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wakagoma wakidai nyongeza. Hawakuwa na chama cha kuwasemea, maana Mwafrika hakuruhusiwa kuwa nacho, wala ngazi yoyote ya kupeleka neno juu isipokuwa walewale waliowalalamikia. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Gavana Amour Maron alifika na askari. Karani Léonard Mpoyi alisema kwa niaba ya wenzake, akauawa palepale, na askari wakafyatulia umati risasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo: serikali ilitaja makumi, simulizi za wafanyakazi zinazidi hapo sana.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika, lakini chini ya jicho la utawala. Kambini, changa-changa alibaki kwenye kiti chake.