Arusha Jazz: bendi isiyomaliza hata miaka miwili

Ukitoka Tanga kwenda Arusha kwa gari unapita Segera, jirani zetu sisi wa Kabuku, halafu Korogwe. Mwaka 1970 ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliiacha Jamhuri Jazz ya Tanga wakahamia Arusha. Huko wakaungana na ndugu yao William, ikazaliwa Arusha Jazz.

Haikukaa. Mwaka 1971 walivuka mpaka hadi Mombasa, na huko Kenya wakajulikana kwa jina jipya: Simba Wanyika. Jina la Arusha likasahaulika.

Sasa tuseme bendi ile ilishindwa? Hapana jamani. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitoa Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika, waliotupa "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa watu wanainuka vitini. George alifariki 1992, Wilson 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.

Tumezoea kuzipima bendi kwa miaka zilizodumu. Kwa kipimo hicho Arusha Jazz si kitu. Mimi naona tuulize pia zilizaa nini.