Masomo ya psikolojia tangu Louvain hadi Kisangani

Padri akitumwa chuo kikuu kusoma psikolojia, Wakristu wengi huanza kumwogopa: «Huyu sasa atatusoma mioyo.» Wengine, hata mapadri wenzetu, huogopa kwamba atarudi bila imani. Hofu hizo ni za zamani. Tutazame basi jinsi masomo hayo yalivyoanza huko Louvain, Ubelgiji, katika chuo kikuu kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954.

Wilhelm Wundt alifungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Miaka mitatu baadaye Padri Désiré Mercier alipewa kazi ya kufundisha filosofia ya Mtakatifu Tomasi wa Akwino huko Louvain, kwa matakwa ya Baba Mtakatifu Leo XIII. Angeweza kubaki na vitabu vyake tu. Lakini Mtakatifu Tomasi hafundishi kwamba roho hukaa mwilini kama mgeni chumbani. Roho na mwili ni mtu mmoja. Kupima kazi ya macho na masikio, basi, si kuidharau roho. Mwanafunzi wake Armand Thiéry akaenda kusoma kwa Wundt, akarudi kuongoza maabara ya Louvain. Mercier mwenyewe akawa Askofu Mkuu wa Malines mwaka 1906, na Kardinali mwaka 1907.

Aliyeendeleza maabara ile ni Albert Michotte. Mwaka 1910, pamoja na Prüm, alitoa uchunguzi juu ya hiari. Mtu huketi, akaonyeshwa namba mbili, achague namna moja ya kuzihesabu kati ya namna mbili, tena achague kwa sababu ya kweli. Akiisha kuchagua, atoe ishara, kisha aeleze yote yaliyopita ndani yake kwa muda ule mfupi. Ni kazi ngumu mno! Sisi tunaoungamisha twauliza, «Je, ulitaka kweli?» na watu hutujibu upesi.

Mwaka 1946 Michotte alitoa kitabu chake kikubwa juu ya jinsi tunavyoona kitu kimoja kusababisha kingine. Kiwanja kidogo chatembea, chagusa cha pili, nacho chaondoka. Mtazamaji asema: «Cha kwanza kimekisukuma.» Kumbe ni mistari iliyochorwa juu ya sahani inayozunguka nyuma ya tundu jembamba. Cha pili kikichelewa sehemu moja ya tano ya sekunde, hakuna tena anayeona msukumo. Mwanafunzi aliyekaa mbele ya chombo kile hakujifunza kusoma mioyo ya watu. Alijifunza kutoyaamini upesi macho yake mwenyewe.

Kwetu Kongo somo hili lilifika na mzigo mwingine. Mwaka 1954 André Ombredane alitangaza kazi yake juu ya picha zilizochorwa ili Wakongo wazisimulie. Kichwa cha kitabu chasema juu ya akili ya «weusi wa Kongo». Louvain walichunguza hiari ya mtu; hapa walichunguza rangi nzima. Mwaka 1971 serikali ilipounganisha vyuo vikuu vitatu, psikolojia ilipelekwa Kisangani. Mseminari akienda huko leo, ajiandae kwanza kwa hesabu za takwimu, zinazochosha wengi. Halafu, akipewa jaribio lililotungwa kwa watoto wa Ulaya, aulize: wale waliopimwa nalo mara ya kwanza walikuwa watoto wa nani, na waliulizwa kwa lugha gani?