Kache ya muhuri wa wakati katika Java

Kache ya muhuri wa wakati ni mbinu ya uandishi wa programu ambayo seva huitumia kuhifadhi kwa muda mfupi maandishi ya tarehe na saa, ili isiyatunge upya kwa kila ombi. Katika lugha ya Java hutumika hasa kwenye kumbukumbu za maombi, yaani faili ambamo seva huandika mstari mmoja kwa kila ombi inalopokea.

Sababu

Java hutoa wakati kama namba tu: idadi ya milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 (UTC). Kumbukumbu huhitaji maandishi yanayosomeka, kama [05/Mar/2024:14:20:09 +0000]. Kubadili namba hiyo kunadai kukokotoa mwaka, mwezi, siku na kanda ya saa. Muundo huu huishia kwenye sekunde. Kwa hiyo seva ikipokea maombi 5,000 ndani ya sekunde moja, mihuri yote 5,000 hufanana, na inatosha kuutunga mara moja.

Namna inavyofanya kazi

Seva hugawa milisekunde kwa 1,000 ili kupata sekunde. Ikiwa ni sekunde ileile iliyohifadhiwa, maandishi yaliyopo hutumika tena. La sivyo, hutungwa mapya na kuhifadhiwa. Seva za Apache Tomcat na Jetty hutumia kache za namna hii.

Hatari

Seva huhudumia maombi mengi kwa pamoja kupitia nyuzi, yaani njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba. Sekunde na maandishi yake vikiwekwa katika vigeu viwili tofauti, uzi mmoja unaweza kukuta sekunde mpya pamoja na maandishi ya zamani. Kama seva ilikaa saa nzima bila ombi, mstari huo utakuwa nyuma kwa saa nzima. Programu haitoi onyo lolote, na anayechunguza hitilafu au udukuzi hupotoshwa.

Ili kuepuka hayo, sekunde na maandishi huwekwa pamoja ndani ya kitu kimoja kisichobadilika, kinachoelekezwa na kigeu chenye sifa ya volatile. Hapo uzi husoma vyote viwili kwa mara moja.

Vilevile, uzi zaidi ya mmoja haupaswi kushirikiana SimpleDateFormat moja, kwani inaweza kutoa tarehe zisizo sahihi. DateTimeFormatter, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, haina tatizo hilo.