Waya wa Shangani

Mfanyabiashara wa Unguja katika zama za Seyyid Majid, alipotaka kujua bei ya pembe au ya karafuu huko Bombay, hakuwa na budi ila kuandika waraka wake, akaukabidhi kwa nahodha aliyekuwa akingojea upepo wa kusi, kisha akatulia kitako mpaka kaskazi iyarejeshe majahazi, ndipo apate jibu la swali ambalo aghalabu yeye mwenyewe alikwisha kulisahau. Na muda wote huo mali yake imelala ghalani, na fedha aliyoikopa inazidi kumlia.

Mwaka 1872 yalitukia mambo mawili yaliyoivuruga desturi hiyo. La kwanza lilikuwa la Mungu: tufani ya mwezi wa Aprili, iliyozivunja merikebu za Seyyid Barghash, aliyemrithi Majid, na kuing'oa mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. La pili lilikuwa la watu: kampuni ya British India ya William Mackinnon ilianza kuleta meli ya barua kila mwezi kutoka Aden, ikitumia faida ya mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, na ikipokea ruzuku ya serikali ya Uingereza. Miaka saba baadaye, yaani 1879, ukalazwa chini ya bahari waya wa simu ya telegrafu kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo ukaendelea Msumbiji, Delagoa na Durban. Wala asidhani msomaji kwamba matajiri wa London waliionea huruma karafuu yetu. Mwaka huo Waingereza walikuwa vitani na Wazulu, na habari ya kushindwa kwao pale Isandlwana tarehe 22 Januari haikufika London ila tarehe 11 Februari. Ndipo haja ya waya ikawa ya haraka, na Unguja ikaupata kwa sababu ilikuwa njiani.

Walakini kitu kilicholetwa kwa haja ya mwingine chaweza pia kumfaa aliyekikuta mlangoni. Katika nyumba ya simu, mtaani Shangani, kalamu ya kioo nyembamba kama unywele ilichora kwa wino mstari wa mawimbi juu ya utepe wa karatasi, na karani aliyezoea akayasoma mawimbi yale kama sisi tusomavyo herufi. Malipo yalikuwa kwa neno, tena yalikuwa ghali, kwa hiyo wafanyabiashara wakatunga maneno ya siri, neno moja likabeba aina ya mali, kadiri yake, bei na jina la chombo. Mwenye wakili Bombay au London aliweza sasa kuuza shehena ambayo bado inapakiwa, akakopa juu ya mauzo hayo, akanunua nyingine. Rasilimali ile ile iliyokuwa ikizunguka mara moja kwa msimu ikazunguka mara kadhaa. Na hii ndiyo tija, ingawa hapakuongezeka hata mchi mmoja wala jembe moja.

Tija hiyo, hata hivyo, haikuingia kila nyumba. Walioweza kulipia maneno ni wale waliokuwa tayari na maghala, mawakili na amana. Elimu ya kuisoma ile mistari ya wino ilikuja na makarani wa Kiingereza, na kila aliyehamishwa aliondoka nayo; mwenyeji wa mji akipata kazi pale, aghalabu ilikuwa ya utarishi. Faida nayo ilirudi London, kwenye kampuni za waya za tajiri John Pender. Seyyid Barghash, ambaye hakuwa mtu wa kukaa akitazama, alijinunulia meli za moshi zake mwenyewe, zikawa zikienda Bombay na kurudi, na mwenye shehena akawa na milango miwili ya kubisha badala ya mmoja. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jibu la busara kuliko ghadhabu yoyote juu ya mgeni.

Majahazi hayakufa, kama walivyotabiri wengi. Meli ya moshi haiwezi kuingia kila hori, nayo haina subira ya kungojea maji yajae. Hivyo manahodha waliachia barua na pembe, wakashika boriti, tende, chumvi na papa mkavu, na kazi hiyo ikawalisha wana wao na wajukuu.

Na shambani je? Mchumaji alipanda mkarafuu vile vile, akauvuta utagaa kwa upembo, akashuka na pakacha lake, akakaa jioni kuchambua karafuu na makonyo, kisha zikaanikwa juu ya majamvi mpaka zigeuke rangi, na mvua ikitishia watoto wakaitwa mbio kuzianua. Hakuna waya uliomwongezea pishi moja. Baada ya tufani ile Pemba ndiyo iliyokuwa na karafuu nyingi, nako simu haikufika katika miaka ile. Bei ya London ilitua Shangani siku ile ile, kisha ikasubiri upepo ili ivuke mkondo wa Pemba, imo kichwani mwa mnunuzi aliyeketi juu ya magunia matupu, naye aliposhuka pwani aliwaamkia wenye mashamba, akawauliza wao wataka kuuza kwa kiasi gani.