Garfield Atimiza Miaka 7 Ufukweni

Joshua Slocum anasifiwa kwa kuizunguka dunia peke yake. Mimi humkumbuka zaidi akiwa na familia. Mwishoni mwa 1887 meli yake, Aquidneck, iliharibikia karibu na Paranaguá, Brazil. Akabaki ufukweni na mkewe Hettie, kijana wake Victor, na Garfield, aliyetimiza miaka 7 Machi iliyofuata. Mtoto huyu alizaliwa melini, bandarini Hong Kong, na mamake mzazi alishafariki. Sasa hapo utampa zawadi gani? Baba alikuwa anaunda chombo cha futi 35, Hettie anashona matanga. Kikashushwa majini 13 Mei 1888, siku Brazil ilipofuta utumwa, kikaitwa Liberdade, yaani uhuru. Kiliwafikisha Marekani. Baada ya hapo Hettie hakutaka tena safari za bahari, na wala simlaumu.