Nishani Zisizoandikwa: Habari za Askari wa Keya na Vyeti Vyao



Kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliofariki, tumezoea kuweka katika kitabu hiki kurasa chache za mambo yaliyopita, ili vijana wasome na wazee watusahihishe. Mwaka huu hatukwenda mbali kutafuta habari. Ililetwa mezani petu ndani ya sanduku la bati.

Sanduku hilo lilikuwa la mzee mmoja wa kwetu, askari wa Keya wa zamani, ambaye amekwisha kufariki. Jina lake hatulitaji, kwani ndivyo walivyotuomba watoto wake. Ndani tulikuta medali mbili, picha moja iliyofifia, cheti cha kuachishwa kazi ya jeshi, na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Cheti chasema kwamba mzee alitumika Kenya na Ceylon, na mahali pa nishani pameandikwa mbili tu, ile ya Ulinzi na ile ya Vita. Burma haikutajwa. Lakini hapakuwa na mtu wa rika lake aliyeshuku kwamba alifika huko. Kila masika alikuwa akisimulia mvua za Burma, hata watoto wakawa wanamtangulia maneno. Shauri lililoletwa na jamaa yake lilikuwa moja: je, kumbukumbu za askari zaweza kusahihishwa baada ya mwenyewe kufa, akaandikiwa Nyota ya Burma aliyoistahili?

Yafaa kwanza tukumbushe safari yenyewe, kwa ajili ya vijana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon kufanya mazoezi, na katikati ya mwaka 1944 ikaingia vitani mpakani mwa India na Burma chini ya Meja Jenerali Fowkes. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Batalioni ya 11 ya Keya ilikuwa yetu wenyewe, ya Kenya. Wajapani walikuwa wamekwisha kushindwa Imphal na Kohima, nao walikuwa wakirudi nyuma. Kazi ya kuwafuata katika Bonde la Kabaw, katikati ya mvua kubwa, walipewa watu wetu. Magari yalizama topeni, chakula kikawa kinadondoshwa na ndege, na malaria iliwalaza watu wengi pamoja na homa nyingine zilizokuwa ngeni kwa madaktari wetu. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Siku chache baadaye likakamilishwa hapo daraja la chuma la kijeshi lenye urefu wa futi 1,154, na wakati ule hapakuwa na daraja la namna hiyo lililolizidi urefu duniani.

Wengine hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa karibu na visiwa vya Maldives na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, ikazama katika muda wa dakika chache tu. Walikufa watu wapatao 1,300, na mamia katika hao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Zipo nyumba ambazo mpaka leo hazina kaburi la kuonyesha kwa ajili ya siku ile.

Tukirudi kwenye nishani, liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Nyota ya Burma haikutolewa kwa ushujaa. Ilitolewa kwa mahali na tarehe. Askari wa nchi kavu aliyefanya kazi ya vita ndani ya Burma hata siku moja, kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, aliistahili. Nyota ya Afrika iliwahusu, pamoja na wengine, wale waliopigana na Waitaliano Abisinia na Somalia. Medali ya Vita ilitaka siku 28 tu za utumishi, popote pale. Kwa hiyo anayetaka kumbukumbu za baba yake zirekebishwe katika nishani za namna hii hahitaji shahidi wa kueleza jinsi baba alivyopigana. Ahitaji karatasi ionyeshayo kwamba alikuwa mahali fulani siku fulani.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kanuni ni rahisi hivyo, kosa liliingiaje? Sisi tulio makarani twalijua jibu kabla ya kuulizwa. Askari waliachishwa kwa maelfu katika miaka ya 1945 na 1946, kila mmoja akiwa na haraka ya kwenda kwao. Nyota ya Burma yenyewe iliwekwa mwaka 1945, na medali za vita vile zilianza kugawanywa mwaka 1948, wakati wengi walikuwa wamekwisha rudi kwenye mashamba yao na hawana anwani. Cheti kilichoandikwa kabla ya hapo kiliweza kukosa nishani bila karani yeyote kuwa na nia mbaya. Tena kuna majina. Karani wa kambini aliandika kama sikio lake lilivyosikia: Mutua akawa Mutwa, Otieno akawa Atieno, ambalo ni jina la mwanamke. Wengine walitoa jina la baba, wengine la ukoo, na wachache walitoa jina lisilo lao kwa sababu walikuwa wametoroka nyumbani. Na medali za vita vile, Uingereza kwa kawaida ilizitoa bila jina la mtu kuchongwa pembeni. Medali iliyopotea njiani haikuweza kusema ni ya nani. Kilichomtambulisha askari ni namba yake, na namba ikigeuzwa tarakimu moja tu, mtu mzima hupotea.

Nishani za ushujaa ni shauri jingine, tena gumu zaidi. Hizo hutaka afisa aandike na mashahidi wathibitishe, na mara nyingi mashahidi wamekufa papo hapo na mwenye tendo. Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa pamoja na batalioni ya 1/6 ya Keya, alipanda juu ya kifaru cha Waitaliano huko Kolito, Abisinia, tarehe 19 Mei 1941, akafungua mlango wake wa juu na kuwapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha mpaka mafichoni. Kisha akaenda kutafuta kifaru kingine, akauawa. Mwili wake haukupatikana. Jina lake limo katika ukumbusho ulio kwenye makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Msalaba wa Victoria aliotunukiwa ulitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Huyo alikuwa Mzungu wa jamaa iliyojulikana nchi nzima. Wazee na wakadirie wenyewe ingemchukua muda gani askari ambaye afisa wake hakuweza hata kulitamka jina lake.

Hapa twaomba ruhusa ya kuvuka bahari, kwa sababu liko shauri la Marekani lifananalo sana na letu. Henry Johnson alikuwa Mwamerika mweusi, mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya reli, aliyekwenda Ufaransa na Rejimenti ya 369 katika vita vya kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, katika msitu wa Argonne, yeye na mwenzake mmoja walishambuliwa na kundi la Wajerumani. Mwenzake alijeruhiwa vibaya. Johnson alipigana kwa mabomu ya mkono, kwa kitako cha bunduki, na mwishowe kwa kisu, wala hakukubali mwenzake achukuliwe mateka. Alipata majeraha ishirini na moja. Wafaransa walimpa nishani yao kubwa ya vita mwaka ule ule. Lakini karatasi zake za kuachishwa jeshi la kwao hazikutaja jeraha hata moja, naye hakuweza tena kufanya kazi kama zamani. Alikufa mwaka 1929, akiwa maskini.

Nishani ya waliojeruhiwa aliandikiwa mwaka 1996, miaka sitini na saba baada ya kufa. Nishani ya juu kabisa ya nchi yake, Medali ya Heshima, ilitolewa na Rais Obama tarehe 2 Juni 2015. Kilichofungua mlango kilikuwa karatasi: ripoti ya Jenerali Pershing ya siku chache tu baada ya tendo lenyewe, iliyokuwa imelala katika hifadhi mpaka wakaitafuta tena mwaka 2011. Na katika uchunguzi huo huo ikaonekana kwamba mtu aliyejiamini maisha yake yote kuwa mwana wa Johnson, na aliyepigania sana jambo hili, hakuwa wa damu yake kwa mujibu wa vitabu. Twalitaja hili ili wanachama wajue kwamba anayeomba kitabu kifunguliwe apate kuonyeshwa kurasa zote, hata zile asizozitazamia.

Marekani ina baraza la kusahihisha kumbukumbu za jeshi lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1946. Mwombaji hujaza hati iitwayo DD 149. Amepewa miaka mitatu tangu alipogundua kosa, lakini baraza laweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki. Hata hivyo sheria haiwezi kurudisha kilichoteketea: moto wa tarehe 12 Julai 1973 karibu na St. Louis uliunguza majalada ya askari yapatayo milioni 16 au 18. Uingereza nayo, kwa nishani za ushujaa, imezoea kutofungua tena tendo lililopita zaidi ya miaka mitano. Kwa nishani za mahali na tarehe, mlango haukufungwa hivyo.

Wasomaji watauliza juu ya wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao jina lao limebaki Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam. Kwao shauri halikufika hata kwenye nishani, kwani wengi hawakuandikwa jina kamwe. Mwezi Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Basi, turudi kwenye sanduku. Picha ina maandishi ya mkono nyuma yake, lakini wino umekwisha na neno la pekee lisomekalo ni "Desemba". Tulikuwa tumekata tamaa, mpaka tulipokunjua kile kijikaratasi. Kilikuwa cha hospitali ya vitani, cha mwezi Novemba 1944, katika Bonde la Kabaw. Na ugonjwa ulioandikwa ni malaria. Binti yake alituambia kwamba baba hakupenda kukionyesha, kwa sababu wenzake walirudi na makovu ya risasi, naye alirudi na karatasi ya homa. Jina limekosewa herufi mbili. Namba ni ile ile ya kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu.

Tumeinakili karatasi hiyo mara tatu mbele ya wakili, tukaandika barua, tukatia hati ya kiapo ya mzee mmoja wa batalioni ile aliyoiweka kabla hajafariki, pamoja na cheti cha kifo na cha ndoa ili warithi wajulikane. Yote yamepelekwa ng'ambo kwa afisi ihusikayo. Wenye karatasi za namna hii, hata risiti za kambini na vyeti vya chanjo, wasizitupe wala kuzibandika kwa gundi. Wazilete kama zilivyo, siku ya Jumanne au Alhamisi, nasi tutazinakili bila malipo.

Mpaka kitabu hiki kinapelekwa kupigwa chapa jibu halijafika. Karatasi ya homa tumeirudisha kwa mjane, naye ameikunja tena mara nne na kuiweka mahali pake.